Makalio Hajaonekana Tangu Jumapili

Benchi letu liko Worthing, pwani ya kusini ya Uingereza, linatazama bahari, hatua kumi kutoka kibanda cha kahawa cha Maureen. Kila siku saa nne asubuhi tunakaa hapo watu wanne, waigizaji watupu, na ukituita wastaafu utamwagiwa kahawa. Mwigizaji hastaafu, anasubiri simu. Maiti ameitwa hivyo kwa kuwa amekufa mara thelathini na moja kwenye tamthilia za polisi, na katika vifo vyote hivyo hajapewa neno hata moja la kusema. Malkia alikuwa mchezaji wa akiba wa malkia fulani kwenye jukwaa moja la London, miaka kumi na mmoja, na yule mama mwenye nafasi yake hakuugua hata mafua. Mimi ni Sinia. Kila nilipoingia jukwaani nilikuwa nimebeba chai ya matajiri. Wa nne ni Makalio, ambaye kwenye mabango, alipobahatika kuandikwa, aliandikwa Rupert Vane. Miaka ishirini na miwili alicheza nusu ya nyuma ya ng'ombe, vazi la watu wawili, katika michezo ya Krismasi ya watoto. Jumanne hiyo ilikuwa siku ya pili hajatokea benchini. Mimi nilikuwa na wasiwasi, ila nilijikausha.

— Nimepiga simu hospitali asubuhi, Malkia akasema huku akikaza skafu yake. Nikawauliza, mnaye Rupert Vane? Wakasema hawana mtu wa jina hilo.

— Basi mzima huyo, akasema Maiti. Na angekuwa amekufa ningejua. Kufa ni fani yangu, siwezi kukubali anipite.

— Hiyo nayo fani? Unalala chini, unafumba macho!

— Haya, mama, lala wewe. Sakafu ya saruji, Leeds, mwezi wa pili, baridi ya kuganda, askari sita wamekuinamia wanajadili kitambi chako, na usipumue. Tuone.

— Mie nilikuwa nakwenda kazini na nguo zangu zote mwilini, asante.

Nikaingilia kati kabla hawajararuana.

— Sasa Makalio yuko wapi?

— Yuko Manchester kwenye usaili, akasema Maiti. Wiki iliyopita alinyoa nywele za masikioni. Mwanamume wa miaka themanini hanyoi masikio bure.

— Ana sabini na minne, akasema Malkia.

— Amekwambia wewe. Mimi aliniambia themanini na mmoja, siku aliyotaka nimbebee mfuko wa viazi.

— Na wakala wake anaamini ana sitini, nikasema.

— Usaili gani bwana, Malkia akasema. Mimi nasema ni yule mjane wa Hove, mwenye paka wawili. Alimwona kwenye mchezo wa Krismasi akampenda.

— Alimwona wapi? Maiti akashtuka. Mtu alikuwa ndani ya ng'ombe, hakuonekana hata ukucha!

— Mwendo, baba. Mwanamke anayejua sanaa anatazama mwendo. Yule wa mbele alikuwa anatikisa pembe tu. Rupert ndiye aliyekuwa ng'ombe.

— Toka hapa! Sema unampenda wewe, tujue moja.

— Kunywa kahawa yako, Maiti.

Akageukia baharini, na mashavu yake yalikuwa mekundu kuliko upepo wa siku ile ulivyostahili. Maiti alikunywa kahawa, lakini huyo mtu hajawahi kukaa kimya zaidi ya dakika moja bila kulipwa.

— Jamani, nimeshajua, akasema. Siku mbili, kimya, hajaaga mtu. Hiyo ni nishani ya mfalme.

— Nishani!

— Si wanakutumia barua, wanakwambia ufunge domo mpaka orodha ya waliotunukiwa itoke? Ndiyo hiyo. Amefunga domo, amevaa suti yake, ameingia treni kwenda kasri.

— Nishani ya nini? nikauliza.

— Utumishi uliotukuka kwa mifugo ya taifa.

Malkia akasimama kabisa. Kahawa ikamchuruzika kwenye glavu.

— Mimi nimevaa taji kila usiku miaka kumi na mmoja! Nimekaa chumbani peke yangu, poda usoni, maneno yote kichwani, naomba mwanamke mmoja tu ateguke hata kidole! Halafu nishani apewe yeye kwa kuinama?

— Kuinama miaka ishirini na miwili, mama. Huo mgongo si wa kawaida.

— Na akishapiga goti mbele ya mfalme, nikasema, ataweza kunyanyuka?

— Hawezi! Maiti akapiga makofi. Ndiyo maana hajarudi! Yuko pale pale juu ya zulia tangu jana, mfalme mwenyewe ameshakwenda kula, wametuma watu watafute winchi!

Tulicheka mpaka Maureen akatoa kichwa dirishani kuangalia nani amekabwa. Hata Malkia alicheka, akifuta machozi kwa ncha ya skafu. Ndipo nikamwona mwanamke amesimama mbele yetu na begi kubwa la nguo begani. Wa makamo hivi, lafudhi ya Wales.

— Samahani, akasema. Nyinyi ndio watu wa benchi?

— Inategemea nani anauliza, akajibu Maiti.

— Naitwa Carys. Nina duka la mashine za kufulia, barabara ya nyuma hapo. Namtafutia watu wake Bwana Vane. Kila Jumapili anafua kwangu, na kila akitoka ananiambia kesho anakwenda benchini kwa watu wake.

Malkia akaketi polepole.

— Amekuwaje?

— Jumapili alianguka pale dukani. Mdomo umekwenda upande, hawezi kusema. Nikaita gari la wagonjwa, wakamchukua. Jana nimempelekea nguo zake, hospitali wananiambia hakuna Vane.

— Hata mimi wameniambia hivyo!

— Nikawaambia ni mzee mrefu, ameletwa Jumapili, hawezi kusema. Wakaniambia, dada, wazee wa Jumapili ni wengi, na hatuwezi kumruhusu mtu asiyejua hata jina la mgonjwa aingie kumwona. Halafu nikakumbuka. Wale wa gari la wagonjwa walitoa kadi yake ya basi mfukoni, wakaisoma. Kwa hiyo wao jina lake la kweli wanalo. Ni sisi ndio hatuna. Basi niambieni, alizaliwa akiitwa nani?

Rupert Vane lilikuwa jina lake la jukwaani tu. Chama chetu cha waigizaji hakikubali watu wawili watumie jina moja. Ukichelewa kujiunga, ukakuta jina lako limeshachukuliwa, unalivua na kujitungia lingine. Makalio alikuta lake limeshachukuliwa. Jinsi alivyolipata jipya alitusimulia mara mia: Rupert kutoka kwa daktari wa meno, Vane kutoka ubavuni mwa gari la mikate. La kwanza hatukuwahi kumwuliza.

— Nadhani linaanza na herufi B, akasema Maiti.

— Unadhani, akasema Malkia.

— Tarehe ya kuzaliwa basi? akauliza Carys.

Maiti alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kujikuna kidevu.

— Ndugu je?

— Ana dada New Zealand, nikasema. Au alikuwa naye.

— Anaitwaje?

— Alikuwa anamwita Bonge.

Carys akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

— Mmekaa naye muda gani hapa?

— Miaka kumi na tisa, nikajibu, na niliona aibu kama sijawahi kuiona mbele ya watu.

Malkia alikuwa anavua glavu yake iliyolowa kahawa, kidole kimoja kimoja.

— Nikianguka mimi kesho, akasema, mtakwenda kuniulizia kwa jina gani?

— Imogen Fairhale, Maiti akasema, taratibu.

— Hilo nililitunga nikiwa na miaka ishirini, ndani ya treni. Mimi ni Doreen Clegg. Baba yangu alikuwa muuza samaki, Grimsby.

Siku nyingine Maiti angelifanyia utani hilo la samaki wiki nzima. Safari hii alivua kofia.

— Cyril Hobday, akasema. Kulikuwa na Cyril Hobday mwingine, mcheza dansi wa Bristol. Nimemchukia maisha yangu yote na sijawahi kumtia machoni.

Ikabaki zamu yangu. Sikuwa nimelitamka tangu mama yangu azikwe.

— Ernest Pudney.

Doreen akanishika mkono. Cyril naye akanipa wake, tukasalimiana pale pale, wazee watatu, na mimi niliwapenda siku ile kuliko siku zote za utani. Carys alikuwa ametoa kalamu, anaandika nyuma ya risiti ya dobi.

— Doreen Clegg, akasoma. Cyril Hobday. Ernest Pudney. Haya, nyinyi nimewapata.

Akashusha kalamu kwenye mstari uliofuata.

— Na yeye?