Kitabu ya Nyuki, Mara Makumi Mbili na Sita

Banc ya kukalia, ya kwetu Katuba, iko na miguu ine, lakini tatu tu njo inafanya kazi. Ya ine ilivunjika mu mvua ya mwaka jana. Djo, mwenye tunaita Directeur juu hana kazi ya kudirigé, alipata dawa: alienda ku bibliothèque ya paroisse, akachagua kitabu yenye unene muzuri, akaisukuma pale chini. Hakuiba. Djo hapana mwizi, aliazima. Na juu mwenye kukawisha kitabu banasoma jina yake nyuma ya misa, mbele ya ba fille ya chorale, kila juma mbili Djo anaoga, anavaa chemise ya kupiga pasi, anaenda kusema: "Mama, uniongeze siku, bado kumaliza." Mama Brigitte, mwenye kulinda bitabu, anaandika mu cahier, haulize hata kuiona. Njo vile banc inasimama droit, na kahawa ya Chola, mwenye kuuzisha na thermos pale pa kona, haimwangike.

Ile asubui Mama Brigitte akatokea ku kona, téléphone mbele yake sawa muntu anabeba yai.

— Djo! Njo weye natafuta!

Moyo ya Djo ikashuka mu biatu. Akahesabu siku: juma mbili haiyapita. Akasogeza muguu, afunike kitabu.

— Mama, nakaribia kumaliza.

— Kaa tu, hapana kukugombeza njo nilikuya. Nilipata kintu ku internet. Unaiandikia bitabu yenye bantu yako banachukua, yenyewe inakuambia ubatafutie gani ingine. Nilitia cahier yote. Unajua ilijibu nini? "Basomaji benu banapenda nyuki." Ikanipa bitabu kumi na moja, yote ya nyuki!

— Nyuki tu? akauliza Ampère, mwenye anacharger téléphone ya bantu pale pa kona.

— Kitabu ya nyuki ilitoka mara makumi mbili na sita. Ile ingine, mara moja, mbili. Na mwenye kuichukua ni mumoja: Djo.

Banc yote ikamugeukia. Djo akakohoa sawa ministre.

— Bon. Nyuki ni science.

— Siku ya samedi comité ya paroisse inakaa, Mama Brigitte akasema, na sauti yake ikapunguka. Banataka kupatia chorale ile chumba ya bitabu, baweke ngoma. Banasema hakuna muntu anasoma. Utasimama mbele yabo, Djo, utabaelezea nyuki. Kama hapana, bibliothèque ilisha kufa.

Djo hayafungua ile kitabu hata siku moja. Lakini kinywa ya Djo, tangu azaliwe, haiyapata frein ya kuisimamisha.

— Balete bic mingi, mama. Bataandika mpaka giza.

— Miye najua vile machine ilijua, Ampère akasema. Téléphone inasikia. Directeur anakoroma hapa saa sita, vuuu, vuuu, yenyewe ikasema: huyu ni muzinga.

— Uongo! akaruka Vatican, mwenye alikaa séminaire siku mbili na nusu. Bazungu balisha kuona cobalt ya batterie, yenye banachimbula Kambove, itaisha. Batterie ya kesho itatembea na asali! Njo banatafuta nani anajua nyuki. Bakubwa balisema: mwenye kutafuta kintu chini ya kitanda, ainame.

— Kitanda inaingilia wapi? Ampère akauliza.

— Inaingia! Bila kitanda, ainamie nini?

— Muko bado batoto, Djo akasema. Ile machine iliona kichwa yenye akili. Mwezi kesho itaniita Ulaya, niandikishe nyuki ya dunia yote, kila mumoja na carte yake.

— Pardon.

Mama mumoja, bidon ya asali ku kichwa, alikuwa anasimama nyuma yabo.

— Miye ni Lydie, natoka Kasomeno. Nilisikia nyuki. Yangu ilikimbia, mizinga saba mu mwezi moja. Juu ya nini inakimbia?

Vatican akaangalia kahawa. Ampère akaangalia waya.

— Kukimbia, mama... ni tabia, Djo akasema. Haraka haraka haina baraka.

— Iko mu kitabu? Unionyeshe.

— Kitabu iko ku nyumba.

Lakini Mama Brigitte alisha kuona pembeni ya kiatu ya Djo ile scotch nyekundu yenye anabandikaka ku bitabu yake yote. Akainama, akavuta ile kitabu chini ya banc.

Banc ikalala. Vatican akalala. Thermos ya Chola ikalala, kahawa ikaingia yote mu vumbi.

Mama Brigitte akapanguza kitabu na kitambaa yake, akasoma fasi ya mwanzo: "Juu ya nini nyuki inakimbia, page makumi sita na moja." Akafungua. Kutoka page makumi tano na munane mpaka tisini haikukuwa tena page. Ilikuwa udongo, na muchwa mumoja wa kunona, anashangaa mwangaza.

— Angalau mumoja alisoma, Mama Brigitte akasema. Samedi njo yeye nitapeleka ku comité.

Lydie hakucheka. Akatula bidon, akamwangalia Djo polepole, bila hasira, sawa muntu anauliza njia.

— Papa, weye ulikaa nayo mwaka muzima. Ile page yenye balikula, ilikuwa inasema nini?

Djo akafungua kinywa. Chola akatikisa thermos. Haikulia: mule ndani kintu hakuna.