Mume Niliyemwandikisha kwa Ukoo Wangu

Wapendwa, nawasalimu nyote mliobanana kwenye mabenchi, na nyie mliobaki dirishani. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji amenipa nafasi ndogo akanionya nisirefushe, maana anaujua mdomo wangu. Nitajitahidi. Lakini jambo hili nimelibeba kifuani miaka mitatu, na leo nalitua mbele yenu.

Mnajua mume wangu si Mmeru. Ni Mkikuyu, alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya Namanga, akapitia Oldonyo Sambu, akapata kazi ya kupasua mbao kule juu msituni. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Siku zile nani aliuliza karatasi? Tuliuliza kama mtu anafanya kazi. Alikuja kwetu kumtengenezea baba milango miwili, na kina mama, milango miwili ilichukua miezi minne! Fundi hakutaka kumaliza, na mimi sikutaka amalize. Akaleta mbuzi, akaleta pombe ya ndizi, wazee wakanywa, akanioa.

Baadaye tukashuka huku Kikatiti, ambako hatukujulikana, tukapanda kahawa na migomba. Siku moja akaja karani kuandikisha watu wa kodi. Mume wangu alikuwa shambani. Karani akaniuliza, "Mwenye nyumba hii ni mtu wa wapi?" Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilishikwa na hofu. Nilikuwa nimeshasikia kwamba wageni wanaulizwaulizwa. Nikajibu haraka, "Ni Mmeru wa hapa hapa." Akasema, "Ukoo gani? Baba yake nani?"

Sasa ningetaja ukoo gani? Ukoo nilioweza kuutetea kama ningeulizwa babu ni nani na shamba lao liko wapi ulikuwa mmoja tu, wa kwetu. Nikautaja. Na jina la baba nikampa la baba yangu mdogo, marehemu, ambaye hakuacha mtoto. Karani akaandika, akaaga, akaenda zake. Mimi nikajiona mjanja kweli kweli.

Naona wazee wanatikisa vichwa. Mmeshaliona kosa, eeh? Mimi sikuliona. Tangu lini Mmeru akaoa ndani ya ukoo wake? Kwa kinywa changu mwenyewe nilimgeuza mume wangu kuwa kaka yangu, tena kwenye kitabu cha serikali.

Tulikaa hivyo miaka sita. Kila mwaka alilipa kodi kwa jina la mtu asiyemjua. Alipoitwa kwa jina hilo barazani alichelewa kuitika, watu wakadhani hasikii vizuri.

Kisha ikaja ile hali ya hatari kule Kenya. Huku nako Wakikuyu wakaanza kutafutwa. Asiye na cheti cha kukaa alipandishwa lori na kurudishwa. Kuna aliyesema habari zetu. Nani, sitaki kujua, nimeshamsamehe na usingizi naupata. Askari wawili walikuja asubuhi, wakamkuta anapogoa kahawa, wakaondoka naye kwenda Arusha mjini.

Nikafuata nyuma na mtoto mgongoni. Bomani nikaambiwa kwamba mwenye mke wa hapa na shamba la hapa anaweza kuombewa cheti, mradi mke aje na wazee wa kumdhamini. Nikashusha pumzi. Nikasema, "Mke ndiye mimi, na wazee wapo." Karani akaniuliza ukoo wangu, nikautaja, naye akafungua kile kitabu, akasoma, akanitazama. "Mama, unamwombea mume au unamwombea ndugu yako? Humu ameandikwa ukoo huo huo wako."

Mzungu wa ofisi akaelezwa, naye akasema mambo ni mawili: kama ni wa ukoo wangu, basi si mume wangu, na mimi sina la kuomba. Kama ni mume wangu, basi kitabu kina uongo, na aliyesema uongo atajibu. Lori lingeondoka Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nikiwa njiani kurudi, jamaa mmoja akanipa akili. Aliniambia, "Usihangaike. Tafuta mzee mmoja aape kwamba huyo ni mtoto wa kweli wa baba yako mdogo. Atatoka kama Mmeru, yameisha." Wapendwa, nilitamani! Nilitembea na shauri hilo mpaka nyumbani. Lakini nikawatazama wanangu, nikajiuliza, hawa watamwita baba au mjomba? Nikasema hapana. Mume wangu simwachii lori, na kaka simfanyi tena.

Alhamisi nikapanda mlimani kwa mama mdogo, mjane wa yule marehemu niliyemtumia jina. Nilibeba jani la isale mikononi, kama afanyavyo kwetu anayeomba msamaha. Nikapiga magoti, nikasema yote. Akaweka kikombe chake cha chai chini. Halafu akasema, "Miaka ishirini niliomba mtoto kwa mume wangu, sikupata. Wewe ukampa mtoto mkubwa mwenye ndevu, bila hata kuniuliza?" Akalia. Nami nikalia, maana kosa hilo ndilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilidhani nimedanganya serikali tu.

Sitawaficha, sikujua kama angelipokea lile jani. Alilitazama, akalitazama. Mwisho akalichukua, akajifunga kanga, akasema, "Inuka. Twende kwa wazee kabla hawajaenda shambani. Utasema wewe, mimi nitakuwa nyuma yako."

Nilisema, mbele ya ukoo mzima. Walinifokea, nikafokewa, nikatulia, na mnajua kutulia si kazi yangu. Jumamosi tukateremka mjini, mimi, mama mdogo na wazee wawili walioinywa ile pombe ya ndizi. Mama mdogo, mtu ambaye hakuwahi hata kufika mjini, alisimama mbele ya meza ya mzungu, akasema, "Mtoto sikujaliwa. Huyu si mwanangu, ni mkwe wangu, nami namdhamini."

Wakamleta mume wangu. Mzungu akamwuliza jina lake. Akanitazama mimi kwanza. Nikamwambia, "Sema lako." Akalisema, na la baba yake, na la babu yake, polepole. Miaka sita nilikuwa nimemfungia jina lake ndani ya mdomo wake! Hapo ndipo niliposhikwa na uchungu kuliko siku askari walipokuja.

Cheti akapewa. Mimi nikapewa wiki mbili za kifungo kwa uongo wangu, nikafyeka majani ya boma. Yeye anatoka, mimi naingia, tukapishana mlangoni tukicheka kama wehu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wazee wale wawili. Mama mdogo, umekaa pale mbele, asante, mama yangu, sina cha kukulipa. Nawashukuru kina mama wa hapa walionipalilia shamba na kunilishia watoto. Na wewe uliye na mgeni ndani ya nyumba yako, nakuomba, usimfiche kwa kumfuta. Mwombee mahali pa kukaa akiwa yeye mwenyewe, hata kama itakugharimu aibu. Aibu inapona, mimi nimepona.

Mume wangu yuko pale, upande wa wanaume. Jina lake sitawatajia, nimeshamsemea vya kutosha. Mwulizeni mwenyewe tukitoka nje. Atawajibu.