Risala ya Wapiga Picha wa Gongo la Mboto Kuhusu Tundu la Hewa Lililozibwa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mfuko wa Picha Mtaani. Mwenyekiti wa mtaa. Wazazi wetu, shikamooni. Majirani na wanachama wenzetu.

KARIBU
Karibu nyumbani kwa Mzee Gaudens. Umekuja kuzindua chumba chetu cha giza, tunamosafishia picha za mkanda. Kabla hujakizindua, tunaomba usikie yaliyotokea ndani yake, maana tangu yatokee hakuna mtu wa Mfuko aliyekuja kutuuliza.

HISTORIA
Mzee Gaudens alikuwa na studio Buguruni. Simu zilipoiua, alihamishia vifaa vyake kwenye stoo hii, akatufundisha. Juu ukutani alitoboa tundu la hewa, akalikinga kwa bati lililokunjwa ili hewa ipite na mwanga usipite.

Watu hudhani Dar hakuna baridi. Waje masika, ukuta ukiwa umelowa, dawa ya kusafishia picha inapoa na mikanda inagoma kukauka. Sisi tulikuwa tunawasha jiko la mkaa kwenye kibanda cha uani. Ndani yaliingia maji ya moto tu: sinia la dawa ndani ya beseni, sufuria zilizofunikwa chini ya mikanda. Moto ulibaki nje, na hatukuwahi kupata madhara.

MAFANIKIO
Mfuko ulipotukubali tulifurahi, hatukatai. Tulipata vifaa, na picha za mwenzetu Flaviana zikachaguliwa kwa maonyesho ya Msasani.

CHANGAMOTO
Mheshimiwa, hapa tutakaa kidogo.

Mfuko ulileta fundi akarabati chumba kiwe cha kisasa. Alivunja kibanda cha uani ili bango lenu lipate pa kusimama. Kisha akapanda ngazi, akaanza kuziba tundu kwa saruji. Mzee Gaudens akamuuliza, "Fundi, sasa hewa itapita wapi?"

"Mzee wangu, mie nimetumwa kuziba. Feni na hita ya umeme vinakuja."

Havikuja. Tulipopiga simu, ofisa wenu alitujibu, "Nyie fungueni mlango kidogo." Mheshimiwa, chumba cha giza kikifunguliwa mlango, picha zote zinaungua kwa mwanga.

Masika yakaingia, na ofisa huyohuyo akawa anapiga simu kila siku kudai picha za maonyesho. Mchana mmoja mvua ilikuwa kubwa, uani hapawashiki kitu. Flaviana akaingiza jiko ndani, akafunga mlango. Alikuwa anasafisha na kukausha picha zenu.

Mzee Gaudens alimgongea. "Flaviana, chai tayari." Akagonga tena, kisha akamwita mwenzetu Ismail, wakauvunja mlango. Walimkuta amelala kando ya beseni, hajitambui. Hospitali walisema ni hewa ya mkaa, na kwamba angechelewa kidogo tu kufikishwa tungemzika.

Amepona, lakini mikono inatetemeka. Kamera haishikiki, na majina ya watu aliowazoea yanampotea.

Maonyesho yakafanyika bila yeye. Ofisa wenu akasimama mbele ya wageni akasema, "Uswahilini wamezoea mkaa ndani. Uzembe wa mtu mmoja usituharibie mradi." Stephano, mume wa Flaviana, alikuwa amesimama pembeni ya picha za mkewe. Aliondoka bila kuaga. Maneno yakafika mtaani kabla yake, na hadi leo wapo wanaomwita mkewe mzembe.

Mheshimiwa, sie tumechukia. Tumetumia maneno ya adabu kwa sababu wewe ni mgeni, si kwa sababu hasira imeisha.

MAOMBI
Tundu hatukuombi. Wiki hii tumelitoboa wenyewe, bila kibali, na halitazibwa tena. Kibanda cha uani tunakitaka kirudi, bango litafutiwe pengine. Matibabu ya Flaviana tunaomba Mfuko uyabebe mpaka mikono itulie.

Lililobaki halihitaji bajeti. Flaviana amekaa safu ya mbele, amevaa kitenge cha kijani, Stephano yuko kulia kwake. Alisemwa hadharani, asafishwe hadharani. Ukipewa kipaza sauti, kabla ya hotuba yako, tunaomba umwambie kwamba hakuwa mzembe. Umwambie yeye, sisi tutasikia.

Mungu akupe moyo wa kulitamka, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasafisha Picha, Gongo la Mboto.
Imesomwa na Jovina, katibu.