Msumeno Kapanda Baiskeli

Kijiwe chetu hapa Vaussagne ni benchi la mawe mbele ya duka la mikate lililofungwa zamani, pembeni mwa bomba la maji la kijiji. Kahawa huja nayo Ghislaine kwenye chupa kutoka kwake, maana baa nayo ilishakufa, na mikate siku hizi inaletwa na kigari. Ghislaine tunamwita Mama Bata kwa sababu ya bata wake. Léonce ni Redio. Alikuwa mtu wa posta, kutembeza barua amestaafu, kutembeza habari bado. Mimi ni Breki, maana niliendesha basi la shule na hakuna mtoto aliyewahi kufika mapema. Wa nne wetu ni Aubin, Msumeno, aliyemaliza ujana wake wote kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Asubuhi hiyo ya Juni nafasi ya Msumeno ilikuwa tupu, na Redio alikuja anahema.

— Mmesikia? Msumeno kapanda baiskeli!

— Kapanda nini? akauliza Mama Bata.

— Baiskeli, mama! Nimemwona kwa macho yangu haya, kwenye kona ya makaburini. Tena na kaptula ya kubana. Nyeusi. Miguu yote nje, myeupe kama jibini.

— Acha kamba, nikamwambia. Msumeno huyu huyu anayewatukana Waholanzi wa baiskeli kila kiangazi?

— Huyu huyu. Nikampigia kelele, "Wee Msumeno, unakwenda wapi?" Hata shingo hakugeuza. Kanipita kama mti.

Mama Bata akaacha kumimina kahawa.

— Kashika njia ipi?

— Ya bondeni.

Tukatazamana. Njia ya bondeni inateremka mpaka daraja la mto, inapanda msituni, halafu inatokea Chambézat, ambako nako hakuna kitu. Tangu wachonge barabara mpya upande wa pili wa kilima, gari halipiti huko, labda trekta moja moja ya kupeleka majani kwa ng'ombe. Wageni wanatoka mbali na baiskeli zao za bei mbaya kuja kuipanda njia hiyo, wanarudi wanacheka wenyewe, na sisi hapa benchini hatujawahi kuelewa wanafuata nini.

— Mimi najua, akasema Redio. Wamemnyang'anya leseni. Polisi wamemnusa, wakakuta mvinyo.

— Leseni gani? akasema Mama Bata. Juzi tu kanibebea pumba za bata kwa gari lake.

— Basi ni mwanamke. Yule mjane wa Chambézat anayeuza asali.

— Yule bibi ana miaka tisini, Redio!

— Kwani asali yake imeoza?

Mama Bata akamtandika kofi la bega. Mimi nikaona zamu yangu imefika, nikawaambia nilichokuwa nakiwaza tangu mwaka jana.

— Sikilizeni. Hao Waholanzi hawaji bure. Kwao kumejaa, hakuna pa kutemea mate bila kumpata mtu. Wanakuja kupima. Wanataka kununua bonde lote, na Msumeno ndiye wakala wao. Ile kaptula ni sare.

— Wanunue bonde wafanyie nini? akauliza Mama Bata. Hakuna mtandao, hakuna duka.

— Ndiyo hicho hicho! Wananunua kimya.

— Kimya kinauzwaje, Breki?

— Kwa hekta, nikasema, na wakati huo nilikuwa naamini.

Redio akalipenda hilo, akalichukua, akalikuza. Akasema kimya kikishanunuliwa watatupiga marufuku kulima na trekta, bata wa Mama Bata watafungwa midomo, na sisi wenyewe tutahamishiwa mjini na benchi letu. Tulicheka. Ila Mama Bata hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama kona ya makaburini.

— Mnajua, alisema, siku ile ya pumba alisimama kwenye uzio wa bata wangu, kafumba macho. Muda mrefu. Nikamwita, akanyamaza. Nikamwita tena, kimya. Nikadhani anasali.

— Msumeno, asali? nikasema.

— Ndiyo nashangaa. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, akawa anavaa nguo za ajabu. Mwisho wake hakutujua hata majina.

Hapo mzaha ukakatika. Kigari cha mikate kikaja, kikapiga honi, kila mtu akachukua mkate wake, na mkate wa Msumeno ukabaki mikononi mwa Mama Bata. Jua lilikuwa limeshapanda. Mtu mwenye goti bovu, ambaye hajagusa baiskeli tangu ujana, hawezi kukaa huko muda wote huo bila kupatwa na jambo.

— Tuwapigie polisi, akasema Redio.

— Tuwaambie nini? Kuna mzee kapanda baiskeli?

— Tuwaambie kachanganyikiwa.

— Na wakimkuta mzima? Hatatusamehe maisha, nikasema. Nichukue gari, nimfuate.

— Ukimfuata na gari atajua tunamchunga kama mtoto, akasema Mama Bata.

— Basi nenda wewe kwa miguu.

— Mimi? Na bata?

— Jamani, akasema Redio kwa sauti ya chini, mwenzenu nina wazo baya. Labda ameamua kwenda kufia msituni. Wanaume wa ukoo ule huondoka kimya kimya.

— Baba yake alifia hospitali akilalamikia supu, Redio! Barua zake ulipeleka wewe!

Tukabishana hivyo, twende, tusiende, nani aende, kwa gari, kwa miguu, mpaka tukasahau kuinuka. Tulikuwa bado hapo pale msichana mmoja Mbelgiji alipotokea kwenye njia ya bondeni, anasukuma baiskeli kuelekea kwenye bomba. Akatusalimia vizuri, akafungua chupa yake. Mama Bata hakumwacha hata ajaze.

— Binti, huko ulikotoka hujamwona mzee mmoja na baiskeli?

— Mwenye kaptula mpya, karatasi ya dukani bado inaning'inia nyuma?

— Huyo huyo! Kaanguka?

— Hapana. Amekaa kwenye ukuta wa daraja. Baiskeli kailaza kwenye majani. Nilimsalimia akanyamaza, nikadhani ni mtu wa kununa. Nilipomfikia mbele ndipo akashtuka, akaniomba radhi, akaniambia nikae kulia kwake. Ndilo sikio lililobaki.

— Lililobaki vipi? nikauliza.

Msichana akatutazama kama mtu aliyebisha hodi nyumba siyo.

— La kushoto si limeshakufa? Mashine za mbao. Na la kulia daktari kamwambia halitamaliza mwaka. Ndiyo maana yuko huko. Kwenye gari anasikia injini tu, na kutembea goti halimruhusu. Ila kwenye baiskeli, akiteremka bila kukanyaga, anasikia maji, anasikia ng'ombe wakikata majani. Na kwenye njia ile hakuna gari la kumjia kwa nyuma asilolisikia.

Msichana akaendelea, safari hii polepole.

— Tulikaa pale muda. Kila ndege akiimba, ananigusa mkono, ananiuliza, "Huyo yupo, au namkumbuka tu?"

— Mbona sisi hakutuambia? akasema Redio. Ilikuwa karibu kilio. Sisi wenzake!

— Nyie ndio wa benchi? Redio, Mama Bata na...

— Breki, nikasema.

— Basi aliwaambia. Jumatatu, hapa hapa, mkinywa kahawa. Ndivyo alivyosema.

Nikaitafuta Jumatatu kichwani. Jumatatu tulikuwa na nguruwe mwitu walioingia bustani ya meya. Redio aliigiza nguruwe, mimi nikaigiza meya, Mama Bata akacheka mpaka akamwaga kahawa. Msumeno alikuwepo, hilo nina hakika. Zaidi ya hapo sikupata kitu.

Msichana akajaza chupa yake, akafunga kifuniko. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua tu.

— Na nyie mlimjibu nini?

Mama Bata akainamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe changu, yakatoka matone tu, akaendelea kuishika vile vile. Msichana alisubiri kidogo, akaona haya kwa niaba yetu, akatuaga, akapanda baiskeli yake akaenda.

Tulimsikia Msumeno kabla hatujamwona. Baiskeli yake ilikuwa inalia gurudumu la nyuma, kwii, kwii, na yeye mwenyewe hana habari. Akaiegemeza ukutani, uso mwekundu, jasho mpaka kwenye nyusi. Redio, ambaye siku zote hukaa kushoto kwake, akainuka bila kuambiwa, akazunguka benchi, akajibana nasi upande wa kulia. Msumeno akakaa. Akatutazama mmoja mmoja, tumenyamaza wote, kitu ambacho benchi lile halijapata kukiona. Nikaona uso wake unabadilika. Mkono ukapanda taratibu mpaka kwenye sikio la kulia.

— Mnaongea? akauliza. Semeni kweli. Mnaongea?

Mama Bata akamshika ule mkono, akauteremsha, akapaza sauti mpaka mbwa wa meya akabweka.

— Hatuongei, Aubin! Tunakungoja wewe!