Mathieu Kilufya Hakuanguka na Baiskeli

"Gaston, weye ulikuwa pale: minye nilianguka na kinga, ao hapana?"

Swali hilo aliliuliza marehemu Mathieu Kilufya Mwansa, Jumanne tarehe 15 Machi 1994, saa nne asubuhi, mbele ya mabwana watatu wa kampuni waliokaa nyuma ya meza, na kinga aliyoitaja ni ile baiskeli yake nyeusi ambayo wengi wenu mnaifahamu, na hakuna mtu aliyemjibu. Aliyeulizwa alitazama kofia yake ya kazi iliyokuwa magotini, mabwana wale wakatazamana, karani akafunga faili, na baba yetu akarudi nyumbani kwa miguu. Tunaanza na swali hilo, kabla ya kuzaliwa kwake na kabla ya shule yake, kwa sababu katika miaka arobaini na sita aliyoishi marehemu aliomba vitu vichache sana, na hiki ndicho alichokiomba akanyimwa.

Marehemu alizaliwa Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi, Jumamosi tarehe 12 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu wa baba Lukas Kilufya, mvunja mawe wa Kakontwe, na mama Helena Mwansa, wote wawili wametangulia. Utotoni alikuwa akimpelekea baba yake chakula machimboni, na akishakula yale mabaki aliegemea ukuta wa tanuri la chokaa na kulala, akawa anasema mpaka uzee wake usiofika kwamba hakuna kitanda kilichompa joto kama ukuta ule. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akakaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya vita, kisha akaingia shule ya ufundi mwaka 1962, akatoka na cheti chake mwezi wa Julai 1966, wa pili katika darasa la wanafunzi thelathini na mmoja.

Tarehe 2 Mei 1967 aliandikwa kazi katika kiwanda cha shaba, idara ya elektrolizi, mahali ambapo mabamba ya shaba hukua ndani ya mabafu ya asidi kisha huinuliwa na winchi inayotembea juu kwenye reli, na humo alifanya kazi miaka ishirini na minne bila kukosa siku hata moja pasipo ruhusa. Mwaka 1984 akawa mkubwa wa ekipi B, watu tisa, na miongoni mwao alikuwa kijana aliyemfundisha mwenyewe kuendesha winchi, akamwombea cheo, akamsimamia ndoa yake kanisani kama baba wa arusi, yaani parrain wake, ndiye Papa Gaston, ambaye yupo hapa pamoja nasi, na tunamshukuru kwa kufika.

Marehemu alifunga ndoa na mama Albertine Mumba, Jumamosi tarehe 21 Agosti 1971, katika parokia hii hii, na Mungu akawajalia watoto wanne, Jimmy, Stéphanie anayewasomea maneno haya, Daniella na Eddy. Watu husema mazishini kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mke wake, sisi hatutasema hivyo kwa sababu tulikuwa tunawasikia, lakini tutasema kwamba hakuna ugomvi wao uliolala mpaka asubuhi.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwa maana ugonjwa huu mliupa majina mengi na hata moja halikuwa lake.

Jumanne tarehe 9 Aprili 1991, zamu ya mchana, bamba la shaba lilishushwa kabla marehemu hajatoa ishara, likaubana mkono wake wa kuume kwenye ukingo wa bafu. Gaston alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo, macho yakamfumba kidogo tu, akashuka ngazi za winchi akilia, anasema, "Nimekuua, parrain, nimekuua." Wakati ule kampuni ilikuwa na desturi yake, kwamba ekipi iliyomaliza miezi mitatu bila ajali iliongezewa unga wa mahindi, mfuko mmoja kwa kila mtu, na ekipi B ilikuwa imebakiza siku ishirini na moja, na mnakumbuka unga ulivyokuwa mwaka ule, mishahara inachelewa na dukani hakuna kitu. Marehemu alimtazama kijana wake, akawatazama wale wengine wanane, akasema neno ambalo mama yetu hajalisahau kwa sababu alisimuliwa usiku ule ule, "Nyamaza, we mutoto. Bataandika ile tutabaambia. Kinga yangu iko inje, nilianguka na kinga ku barabara ya Kakontwe, basi."

Wakaitoa baiskeli nyuma ya kiwanda, na Gaston kwa mkono wake akalipiga gurudumu la mbele kwa nyundo mpaka likapinda, ili uongo uwe na shahidi. Wakaahidiana mbele ya wote kwamba, mambo yakiharibika, Gaston atasimama aseme ukweli. Tarehe 30 Aprili mifuko ya unga ikagawanywa, Gaston akaja na wa kwake begani, akauweka mlangoni kwetu, marehemu akamrudishia, akasema wa kwake unamtosha. Ndugu wa ekipi B, unga ule mliula, watoto wenu waliula, nasi tuliula pia, na kila kijiko kilikuwa ni mkono wa mtu mmoja.

Wengine watasema, basi alidanganya mwenyewe, analalamikia nini? Ni kweli, alidanganya. Lakini aliyedanganya ili wengine wale hafanani na aliyenyamaza ili mwingine aangamie, na asiyeona tofauti hiyo atuambie kwanza ule mfuko wake uliishia wapi.

Mwezi wa Julai mfupa ulikuwa umeshikana, bandeji zikatolewa, kila mtu akasema amepona, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza. Mkono uligeuka rangi, mara mwekundu, mara wa buluu kama ya asubuhi ya mwezi wa sita, ukawa baridi, baridi ya chupa iliyotoka kwenye barafu, na ndani ya baridi hiyo kulikuwa na moto, hata shuka likimgusa aliuma meno. Mwezi wa Oktoba, joto ambalo mbwa hawabweki, yeye alitembea na soksi ya sufu mkononi, ambayo mama aliifuma kwa kufumua sweta yake ya arusi. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Alijifunza kunawa kwa maji ya vuguvugu tu, kulala mkono umewekwa juu ya mto, kukaa mbali na mlango wakati wa upepo, na kila asubuhi mama alikaanga chumvi kwenye kikaango juu ya jiko la makaa, akaifunga ndani ya kitambaa, akaijaribu kwanza kwenye shavu lake mwenyewe isije ikamuunguza, halafu akamwekea.

Na nyinyi mlisemaje? Kwenye baa walimwita Frigo, yaani friji. "Frigo, kamata hii chupa kidogo, umeme imekatika," wakacheka, naye mara ya kwanza alicheka nao, akaishika ile chupa, na siku ile alirudi nyumbani machozi yakimtoka kwa maumivu, akasema, "Bière yabo ilikuwa ya moto tu, mukono yangu hata kazi ya frigo inashindwa." Kanisani, wakati wa kupeana amani, kwa kuwa kushikwa kwa nguvu kulimuumiza, alianza kuficha mkono, wakasema amekuwa na majivuno, na alipoutoa wakaugusa wakasema ni mkono wa maiti, huyu ana mapatano na wafu, mpaka benchi yake ikabaki na watu wa nyumba yake peke yao. Sala nazo tuliletewa, na jina la mchawi tuliletewa, shangazi yetu wa damu, mwanamke ambaye mpaka leo haingii kwa baadhi yenu.

Mtu mmoja tu alijua. Alikuwa muuguzi, jina lake Alexis, aliutazama mkono ule muda mrefu bila kuugusa, kisha akaomba ruhusa, akaugusa kwa mgongo wa kidole, akasema, "Papa Mathieu, hii si buloji, na si buvivu. Ni nerfs, ile mishipa ya kusikia maumivu. Vita iliisha, lakini yenyewe haijasikia, inaendelea kupiga." Akamfundisha kuufunza mkono upya, kuupitishia pamba kwanza, halafu kitenge, halafu gunia, dakika chache kila siku, na kufumba na kufumbua vidole mara tano, kupumzika, mara tano tena. Akasema mkono kama huu usiposahauliwa unaweza kurudi, lakini unahitaji madaktari wa Lubumbashi, na kampuni haimpeleki mtu Lubumbashi kwa kuanguka na baiskeli, inampeleka kwa ajali ya kazi. Akaahidi kuandika barua yeye mwenyewe. Alexis alizaliwa hapa Likasi, lakini babu zake walitoka Kasai, na katika miaka ile kosa hilo lilitosha mtu kufukuzwa, mwezi wa Machi 1993 alikuwa kwenye gare na watoto wake, wanalala juu ya mizigo wakingoja treni, na marehemu alimpelekea uji kila siku kwa majuma matatu, akiubeba kwa mkono wa kushoto, mpaka treni ikaja. Mji huu ulimfukuza mtu pekee aliyejua kinachomuuma baba yetu. Tuliwatazama wakipanda.

Mwaka uliofuata kampuni ilikuwa inapunguza watu, ikamwita kujieleza, na ndipo aliposema ukweli, kwa mara ya kwanza, kwamba aliumia kazini. Wakaitaka baiskeli. Wakalitazama gurudumu lililopinda, wakaandika, na ule ushahidi aliomtengenezea mwenzake ukamfunga yeye. Akasema, "Gaston alikuwa pale, mumuulize yeye." Gaston akaletwa. Swali mmelisikia. Jibu hamkulisikia, kwa sababu halikutoka, na tarehe 30 Aprili 1994, miaka mitatu kamili tangu siku ya unga, jina la marehemu lilifutwa kwenye orodha, pamoja na kitabu chake cha matibabu.

Tangu hapo marehemu aliuza makaa mbele ya nyumba, akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na akaendelea na pamba yake, kitenge chake na gunia lake, peke yake, kila jioni. Likizo ya mwaka jana binti yake, huyu anayewasomea, ndiye alikuwa akimsugua kwa gunia, marehemu akamwambia habari yote, na binti alipotaka kwenda kumtukana mtu, marehemu akamkataza, akasema, "Iko na batoto saba. Minye sitaki alipe. Nataka tu aseme." Vidole viwili vilikuwa vimeanza kurudi. Siku ya Noeli alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kuume, bila soksi, akakizungusha nyumba nzima akituonyesha, na chai haikumwagika.

Ijumaa tarehe 2 Februari 1996 alishikwa na malaria, akapelekwa hospitali Jumamosi, mwili mzima ukawaka moto, isipokuwa mkono mmoja, na mama aliuweka kwenye shingo ya marehemu, naye marehemu akasema ndio uliomburudisha. Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na akili zake.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomtundikia serumu walipokuwa nayo na waliokaa naye ilipokwisha, inawashukuru majirani kwa kuni, maji na viti, jumuiya kwa nyimbo, na wafanyakazi wenzake waliolibeba sanduku, watu sita wa ekipi B, ambao tumewahesabu. Inamshukuru Alexis, popote alipo, kama bado yupo.

Sasa desturi inataka tumwambie marehemu apumzike kwa amani. Hatujamwambia bado. Sanduku liko wazi, mkono wake wa kuume tumeuweka juu, bila soksi, na leo ubaridi wake ni ule wa marehemu wote, haumtishi mtu. Papa Gaston, mke wako ni rafiki ya mama yetu, watoto wako tumecheza nao, na kampuni haipo hapa, hakuna meza wala karani. Marehemu alikuuliza swali mbele ya watu watatu, sisi tunakurudishia mbele ya wote waliomwita Frigo. Tunakuomba usimame, uweke mkono wako chini ya mkono wake, taratibu, usiubane, umjibu.