Jiwe Juu ya Kaburi la Voi

Mwaka wa 1968, treni ya kutoka Taveta ilipoondoka Mwatate, mama mmoja wa kijiji cha Mghange mwenye gunia la kabeji alimuuliza mzee wa Kizungu aliyeketi kando yake, mkabala nami, anasafiri kwenda wapi. Mzee alikuwa fundi wa mashine za mkonge, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha kasisi wetu.

“Nairobi, mama, kupeleka karatasi. Nataka kuhamia Israeli kabla ya Pasaka. Dada yangu yuko huko, tumebaki wawili tu. Lakini lazima nionyeshe kwamba mama yetu alikuwa Myahudi, na cheti chake cha ndoa kiliungua vitani.”

Akatoa picha ya kaburi lenye maandishi ya Kiebrania. Akaeleza kwamba mama yake alizikwa Voi, na kwamba rabi, kiongozi wa dini yao, amesema picha hiyo itatosha.

“Na haya mawe madogo juu?”

“Sisi hatuweki maua. Kila nikienda kumwamkia, naweka jiwe.”

“Sasa ukihama ataweka nani? Ngoja hata mwaka mmoja, baba.”

“Dada yangu ni mgonjwa, mama.”

“Na huyu wa Voi je?”

Mimi nikageuka dirishani kutazama mashamba ya mkonge, ambayo nayajua yote.

Voi tulishuka sote, mzee akabadilishe treni ya Nairobi. Mzee alimbebea mama gunia lake, na mama alibishana naye njia nzima hadi langoni mwa stesheni. Hapo mama akamuuliza kaburi liko upande gani, na kama jiwe la Mghange linakubalika.