Galene Msusi na Tarehe Iliyoachwa

Ndugu waombolezaji, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana Mzee Hilaro, majirani wa Subura, na nyinyi mliofunga maduka mapema mkaja hapa nje ya Lango la Kapena, mimi naitwa Abaskanto, mchonga maandishi kwenye mawe, mkwe wa marehemu, na familia imenituma nisome habari za maisha yake kwa kuwa hakuacha mwana wa kiume, na kwa kuwa mke wangu Thalusa amesema akisimama yeye atalia kabla ya kufika kwenye tarehe ya kwanza.

Mnajua pia kwamba nikimaliza kusoma, wanachama watapiga kura kama majivu ya mama huyu yawekwe katika kaburi la chama pamoja na ya mama zenu, au familia itafute pahala pengine, kwa sababu ya jambo lililoandikwa juu yake kitabuni. Jambo hilo sitalikwepa, ila nitalifikia kwa zamu yake.

Marehemu Galene alizaliwa Smirna, tarehe haijulikani, maana aliyemuuza aliandika umri wake, urefu wake na hali ya meno yake, lakini siku hakuiandika, na ndiyo sababu katika daftari la chama nafasi ya kuzaliwa ipo wazi mpaka leo. Karani wetu alimwambia ataje siku yoyote aipendayo, naye akamjibu, "Iache wazi, mwanangu, tarehe ya kubuni itamdanganya mtu siku moja." Alifika Roma tarehe nne Oktoba, mwaka wa kumi na mbili wa Kaisari mzee, akiwa na miaka tisa, akaingizwa katika kasri la Palatino.

Shule hakwenda, kusoma hakujua, lakini ufundi alifundishwa na msusi mkuu wa kasri, bibi mmoja wa Kiyunani aitwaye Nike, na ingawa sheria inataka miezi miwili tu ya mafunzo ndipo mtu aitwe msusi, yeye alikaa chini ya Nike miaka mitatu kamili, akijifunza kupasha chuma cha kukunjia nywele majivuni bila kuziunguza, na kushona misokoto kwa sindano na uzi mpaka ikasimama kichwani kutwa nzima. Wale mliosukwa naye mnajua kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wake haukuwa mzito.

Tarehe kumi na saba Mei, mwaka wa pili wa Kaisari mwana, alikabidhiwa kumsuka mke wa Kaisari, ambaye jina lake lilifutwa baadaye kwa amri ya Seneti, na sheria inanizuia kulitaja. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa mafundi waliopewa patasi na kutumwa kulifuta, nimelikwangua kwenye mawe kumi na tisa, kwa hiyo nalijua herufi kwa herufi kuliko wengi wenu, lakini leo nitasema Bibi.

Tarehe kumi Juni, mwaka wa tatu, kwa idhini ya wasimamizi wa kasri, marehemu alianza kuishi na Eutiko, mchochea moto wa hamamu, mtu mpole aliyenuka moshi maisha yake yote, wakajaliwa watoto wawili, Primo, aliyefariki kwa homa tarehe ishirini na mbili Agosti akiwa na miaka minne, na Thalusa, mke wangu, aliye mbele yenu. Eutiko alitangulia mwaka wa nane, kwa maradhi ya kifua.

Familia haitaki kuwachorea Bibi asiyekuwepo. Hakuwa mwema, wala hakuwa nyoka, alikuwa mwanamke kijana mwenye hasira, aliyeolewa na mwanamume asiyemwuliza neno, na mara mbili alimchoma marehemu mkononi kwa pini ya nywele kwa sababu msokoto ulikaa vibaya, na alama zile Thalusa aliziosha juzi tulipouandaa mwili. Tarehe tano Novemba, mwaka wa tisa, ndiye pia aliyemwacha huru marehemu na mtoto wake, kwa hati, mbele ya mashahidi. Miaka miwili baadaye Bibi alishtakiwa, akapelekwa kisiwani, akafa huko, na kesi yake hatukusikia ilisikilizwa wapi.

Marehemu alifungua kibanda cha kusukia Subura, chini ya matao, pembeni ya muuza dengu, akafanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Na hapa kuna maneno aliyoniagiza niyasome kama alivyoyasema, nami nilimwahidi. Akiwa kibandani alisimulia sana habari za mke wa Kaisari mzee, jinsi alivyokuwa akilewa, jinsi alivyomlisha mtoto wa kambo uyoga mbaya, na wateja walikuwa wakitoka mbali kuja kusikia. Wiki mbili kabla ya kufa aliniita akasema, "Abaskanto, yule mama sikuwahi kumwona. Alikufa mimi sijafika Roma. Nilisikia kwa Nike, Nike naye alisikia kwa wapishi. Lakini nilikuwa nasema niliona, kwa sababu mtu akisema aliona, watu wanatulia wanasukwa." Nilimwuliza kwa nini nisome jambo hilo mbele za watu, akasema, "Ili wakijua mimi nilisema uongo, wajue na mwenye kitabu ni mtu kama mimi, ila yeye ana karatasi."

Sasa nakifikia kitabu. Miaka saba iliyopita, mwezi Aprili, bwana mmoja wa Seneti, mwanachuoni anayeandika habari za makaisari waliokufa, alikuja kibandani na karani wake mwenye vibao vya nta vya kuandikia. Jina lake silitaji, maana yeye ametaja majina ya kutuenea sote. Alikuwa na upole, alikaa kwenye kigoda cha wateja, akauliza Bibi aliishi vipi, na marehemu, ambaye hakuwahi kuulizwa neno na mtu mkubwa kiasi kile, alifurahi, akamweleza mambo mengi, na jambo alilolisimulia kwa raha kuliko yote lilikuwa la tarehe mosi Machi, mwaka wa nane.

Hakuna asiyeijua siku hiyo hapa. Ni sikukuu ya wanawake, bibi wa nyumba huwaandalia vijakazi wake chakula na kuwamiminia divai kwa mkono wake, na wote hufungua mikanda na kuachia nywele, kwa kuwa mungu wetu wa kike, Juno wa Uzazi, hataki kuona fundo mahali wanawake wanapoomba watoto, na Bibi mwaka ule alikuwa akiomba mtoto kuliko kitu chochote duniani. Aliwaketisha vijakazi kumi na mmoja, akawahudumia mpaka kulipopambazuka, nywele zake zikiwa wazi mgongoni, na mlango aliufunga marehemu kwa komeo kwa sababu wapishi wanaume walikuwa wakichungulia na kucheka.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, kikasomwa katika kumbi za watu wakubwa, na marehemu alikisikia kutoka kwa mteja, akiwa na chuma cha moto mkononi. Mama yule alimwambia, "Kumbe ndiwe wewe uliyefunga mlango, shoga? Na wewe hukutuambia." Kitabu kilisema kwamba usiku mmoja mke wa Kaisari alifungua mkanda na nywele, akawanywesha watumwa wake kwa mkono wake mpaka alfajiri, na kwamba mlango ulifungwa na msusi wake, Galene, mwanamke mwenye siri zote. Nimekitafuta, nimekisoma mwenyewe mara tatu. Mkanda ni kweli, nywele ni kweli, divai ni kweli, alfajiri ni kweli, mlango ni kweli, na kilichokosekana ni tarehe peke yake.

Tulikwenda kwa bwana huyo, mimi na marehemu, asubuhi, saa ambayo wanyonge huja kuwaamkia wakubwa, tukasimama ukumbini pamoja na waombaji wengine mpaka zamu yetu ikafika. Marehemu hakugombana, alisema, "Bwana, ile siku umeiacha. Niongezee maneno mawili tu, mosi Machi, mengine yote yabaki kama yalivyo." Bwana alicheka vizuri tu, akamwambia, "Mama, wanaomjua yule mwanamke hawahitaji tarehe. Na kila Mroma akisoma mikanda na nywele, akitaka kukumbuka Machi, atakumbuka." Marehemu akamwuliza, "Na wajukuu wao? Na watu wa nchi ambazo siku hiyo hawaijui, kitabu kikiwafikia?" Bwana aliwatazama waliokuwa wakisubiri nyuma yetu, akasema nchi hizo hazisomi, na mtumishi akatuonyesha njia kwa adabu.

Tulipokuwa tukishuka mtaani nilimwuliza kwa nini anamtetea mwanamke aliyemchoma kwa pini. Alinijibu bila kusimama, "Hakunipenda, wala mimi sikumpenda. Lakini siku ile alinishikia kikombe, akaniambia, Galene, niombee na mimi nipate. Sasa wanasema ulikuwa umalaya." Niliona aibu, ndugu zangu, kwa sababu ya mawe yale kumi na tisa, na aibu hiyo bado ninayo. Tangu siku hiyo, miaka sita mfululizo, habari za mke wa Kaisari mzee hakuzisimulia tena, na wateja wengine walihamia kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, anayesimulia vizuri zaidi.

Marehemu alianza kuugua kikohozi tarehe tisa Januari mwaka huu, akatibiwa nyumbani na tabibu Menofilo kwa asali na mvuke wa majani, akapata nafuu siku nne, hali ikabadilika tarehe ishirini na tatu, na tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi, akafariki mikononi mwa binti yake, akiwa ameomba achanwe nywele kwanza. Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, na wajukuu watatu.

Familia inamshukuru tabibu Menofilo, aliyekuja kila siku hata alipokuwa na wagonjwa wake wengine, inamshukuru muuza dengu na mkewe waliotulisha siku zote za msiba, inawashukuru wasusi wa matao yote, na kwa namna ya pekee yule wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja juzi bila kuitwa akamsuka marehemu kwa safari hii, akamshonea misokoto yote kwa uzi. Kwa niaba ya familia nawaomba radhi wote waliochafuliwa na masimulizi ya marehemu, walio hai na waliokwisha kufa, maana hivyo ndivyo alivyotaka.

Mzee Hilaro, kura ni yenu, nasi tutaipokea. Jiwe nimeshalichonga, lipo ndani ya mkokoteni ule, na kaburi lolote atakalolazwa, la chama au la pembeni ya njia, litakwenda naye. Ni jiwe dogo, halikuwa na nafasi ya maneno mengi, na jina la Bibi sikuliweka, sheria nimeiheshimu. Nimeandika Galene, nimeandika msusi, na chini yake nimeandika tarehe moja, si ya kuzaliwa, kwa kuwa hatuijui, wala si ya kufa, kwa kuwa hakuiagiza. Nimeandika mosi Machi, mwaka wa nane wa Kaisari mwana, kwa herufi za kina ambazo patasi ya mtu kama mimi itapata taabu kuzifuta.

Nenda, mama, udongo na ukulalie mwepesi.